SLK ya 2006, paa linaishia katikati. Dalali anasema "ni sensa tu", yaani kihisi cha umeme. Nijiandae na shilingi ngapi?

#1 Mpiga_Lami
Wakuu, habari za jioni.

Kuna Mercedes SLK 200 Kompressor ya 2006 nimeiona Mikocheni. Rangi ya fedha, usukani kulia, namba D, dashibodi inasoma kilomita 98,000. Anaanzia milioni 21, nahisi 18 anafika. Ndani safi, ngozi haijapasuka, AC inagandisha.

Ugonjwa ni paa. Ukibonyeza swichi vioo vinashuka, buti linafunguka kwa nyuma, paa linaanza kujikunja halafu linasimama, limening'inia hewani. Ukivuta swichi upande wa pili linarudi taratibu. Dalali kasema "ni sensa tu, laki mbili inaisha". Fundi wangu wa siku zote, ambaye ni mtu wa Toyota, kasema pampu. Fundi wa pili, niliyempigia simu, hakuiona gari lakini kasema kontroli boksi, ile kompyuta inayoongoza paa.

Gari hii nimeitamani tangu nikiwa kidato cha nne, nilipoiona imesimama Coco Beach paa likiwa wazi. Hela ninayo ila si ya kuchezea. Mliowahi kumiliki, au kutengeneza, niambieni: paa hili ni kiasi gani, na mbali na paa kuna nini kinachokufa?

#2 Kibarua_IST
Mkuu, hiyo milioni 18 ni Toyota IST nzima na kiwanja Chanika. Halafu gari ya watu wawili. Shemeji akikaa, mama mkwe unamweka wapi?

#3 Nondo_Kumi
Achana na mambo ya IST. Shemeji yangu alikuwa nayo. Paa ni dogo, ogopa mambo mawili. Kompresa yake, si ya AC, ile inayosukuma hewa kwenye injini, ina klachi ya umeme, ikifa gari inakuwa nzito kama lori la mchanga. La pili giaboksi, ni ile ya gia saba, ile sahani ya umeme ya ndani ikifa unaongelea milioni nne. Kwa 12 chukua, zaidi ya hapo kimbia.

#4 FundiBenzi_Tabata
#3, nakusahihisha kwa heshima, maana mtu anataka kutoa hela kwa kutegemea maneno haya.

Klachi ya umeme kwenye kompresa ilikuwa kwenye SLK ya kwanza, R170, zile za mwanzo zenye injini ya M111. Hii ya 2006 ni R171, injini M271, cc 1,796, nguvu za farasi 163. Kompresa yake inazunguka na mkanda muda wote, klachi haipo. Na 200 ya otomatiki haina gia saba. Ni gia tano, giaboksi inaitwa 722.6. Gia saba zipo kwenye SLK 280 na 350.

Mpiga_Lami, kabla ya bei soma namba ya chasisi. Inatakiwa ianze WDB171442, kisha herufi ya kumi iwe 2. Hiyo 2 maana yake ilizaliwa kiwandani usukani kulia. Ukikuta 1 na usukani uko kulia, kuna mtu amehamisha, hapo ondoka hata kama anakupa kwa 8.

Ya paa nitaandika usiku, sasa hivi nina gari juu ya jeki.

#5 Nondo_Kumi
Nimekubali fundi. Sasa nakumbuka ya shemeji nyuma iliandikwa 280. Kwa hiyo milioni nne za giaboksi ni kweli, ila ni za gari nyingine.

#6 Dada_wa_Kunduchi
Mimi ninayo, 200 ya 2005, mwaka wa nne huu. Naandika nilivyolipa, si nilivyosikia.

Paa langu lilianza hivyo hivyo. Mara ya kwanza halikufunguka kabisa. Nikazunguka gereji mbili, moja ikanitoza laki na nusu ya "kupima", haikupata kitu. Kumbe ndani ya buti kuna kile kizuizi cha kuvuta kinachotenganisha mizigo na sehemu linapolala paa. Kisipobana vizuri kwenye pande zote mbili, gari inaamini kuna mizigo na inakataa. Changu upande mmoja ulikuwa umelegea. Nikakisukuma kwa kidole, paa likafunguka. Nililia kidogo kwa hasira ya ile laki na nusu.

Mara ya pili ilikuwa kweli. Silinda mbili za haidroli zilianza kuvuja, nikawa naona unyevu wa mafuta kwenye zulia la buti. Nikazipeleka kwa mafundi wa mitambo Vingunguti wakakata sili za kienyeji, sh. 240,000 zote mbili. Zikadumu miezi minane. Baadaye nikazituma Marekani kwa watu wanaozifufua na sili ngumu zaidi, na usafirishaji kwenda na kurudi ilifika sh. 1,150,000. Huu ni mwaka wa pili sijaona tone.

Mdogo wangu Mpiga_Lami, kwanza kaangalie hicho kizuizi.

#7 Waya_Moja
Mimi ni fundi umeme wa magari. Dada #6 kaongea vizuri, ila anavyoeleza mwenye uzi ni tofauti. La dada lilikataa kuanza. Hili linaanza halafu linakata njiani.

Kwa uzoefu wangu hapo ni waya. Mkungo wa waya unaoingia kwenye mfuniko wa buti unapita kwenye bawaba, na mfuniko huo unafunguka kwa njia mbili: kama buti la kawaida, na kinyumenyume paa linapopita. Kila mara unajikunja sehemu ile ile. Miaka yote hii ya kujikunja, nyuzi za shaba zinakatika ndani ya plastiki, nje huoni kitu. Buti likiwa chini waya unagusana, likiinuka unaachana, paa linasimama. Nimeunga mbili za namna hiyo, moja Masaki na moja Sinza. Kazi ni nusu siku, laki na nusu hadi mbili pamoja na waya laini wa kuungia. Na usiunge na waya wa spika, mtaonana tena baada ya wiki.

Ndiyo maana dalali huenda anasema kweli bila kujua. Si sensa, lakini ni hela ya sensa.

#8 Mzee_wa_Forodha
Vijana, mtu asije akakushauri uagize nyingine Japani ukidhani utakwepa ugonjwa. Gari yoyote ya 2006 leo imepita miaka 10, kwa hiyo kuna ushuru wa uchakavu asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa sababu haizidi cc 2,000, na VAT 18. Na TRA hawapigi hesabu kwa risiti uliyoshika, wana thamani yao kwenye mfumo. Nimetoa magari bandarini miaka mingi, wengi wanaanguka hapo: wanaona gari dola 3,500 mtandaoni, wanasahau kwamba kodi peke yake inaweza kuizidi bei ya gari.

Kama iliyopo Mikocheni ina kadi safi, tengeneza iliyopo.

#9 Mpiga_Lami
Asanteni sana, sikutegemea. Dada, nitaangalia hicho kizuizi. Waya_Moja, nitajuaje kama ni waya na si pampu kabla sijanunua? Muuzaji hawezi kuniruhusu nifungue gari yake yote.

#10 Kibarua_IST
Miaka yote hii ya kujikunja. Hata mgongo wangu ungekatika waya.

#11 FundiBenzi_Tabata
Nimerudi.

Njia rahisi ni masikio. Zima redio, zima AC, simama nyuma ya gari mtu mwingine abonyeze swichi. Pampu ya paa iko nyuma na inalia kama nyuki kwenye mzinga. Paa likisimama huku pampu inaendelea kulia, umeme unafika, tatizo ni mafuta: yamepungua, silinda inapitisha kwa ndani, au pampu imechoka haitoi nguvu. Paa likisimama na pampu ikinyamaza saa ile ile, kontroli boksi ndiyo imekata, maana kuna swichi ndogo haijampa taarifa anayoitaka. Hapo ndipo maneno ya Waya_Moja yanaingia.

Na betri. Gari hii betri ikishuka paa ndilo linalonyimwa kwanza. Hizi za dalali zinakaa wiki tatu bila kuwashwa, zinawashwa mteja akija. Jaribu injini ikiwa inaunguruma.

Chungulia pia tenki la mafuta ya haidroli kwenye pampu. Ukikuta yana rangi ya maziwa au harufu ya mafuta ya breki, mtu alijaza mafuta ya breki, na sili zote za mfumo zimevimba au zinaelekea huko. Nilipokea moja mwaka juzi imefanyiwa hivyo. Silinda zote zilitoka. Mwenyewe alilipa milioni 3.4 kwa sababu ya kichupa cha sh. 12,000.

Sasa tuache paa, maana paa bovu gari bado inakufikisha kazini. Kinachokufa ni hiki:

M271 ina taiming cheni nyembamba, ile inayozungusha kamshafti, vyuma vinavyofungua valvu. Inavutika, na gia za kamshafti nazo zinalika meno. Dalili ni mlio wa kugonga kama kopo la misumari kwa sekunde mbili tatu ukiwasha asubuhi injini ikiwa baridi. Kwa hiyo mwambie muuzaji ASIWASHE gari kabla hujafika. Ukifika ukakuta boneti ni ya moto, rudi kesho. Mteja wangu wa Mbezi Beach alisikia mlio huo miezi mitano akaongeza sauti ya redio. Cheni iliruka meno, valvu zikabusu pistoni. Cheni, gia mbili, tenshena (kikaza cheni) na kazi, kwa vifaa vya kuaminika, ni kama milioni 2.3 hadi 2.8. Yeye alinunua injini ya mtumba kwa 5.5, na bado haijulikani cheni ya hiyo injini imevutika kiasi gani.

Pili, mbele ya injini kuna sumaku mbili za kamshafti. Zikizeeka zinapitisha oili kwenye plagi zake za umeme, oili inatambaa ndani ya waya hadi kwenye kontroli boksi ya injini. Chomoa plagi, kidole kikitoka na oili umeshajua. Sumaku mbili mpya kama sh. 250,000. Boksi ya injini nisikutishe.

Tatu, hozi ya kupumulia injini chini ya kompresa inapasuka. Gari inatetema ikiwa imesimama na taa ya injini inawaka. Hozi yenyewe haifiki laki mbili, kazi ndiyo inatesa mikono kwa sababu ya mahali ilipo.

Nne giaboksi. 722.6 ni ngumu sana, naiheshimu, lakini ina soketi ya waya ubavuni yenye oringi mbili, zile raba za mviringo za kuzuia oili. Zikikauka, oili ya gia inapanda kwenye waya kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa kibatari mpaka ifike kontroli boksi ya gia. Soketi haizidi sh. 80,000. Ibadilishe hata kama haivuji.

#12 Dada_wa_Kunduchi
Fundi kasema yote. Naongeza kwamba oili ya giaboksi yake haina kijiti cha kupimia, ile bomba imefungwa na kifuniko tu. Gereji ya kwanza walinijazia "kwa kukadiria", na oili nyekundu ya kawaida ya dukani. Nikawa nasikia kishindo kutoka gia ya pili kwenda ya tatu. Ilibidi imwagwe yote ijazwe ile yenye kibali cha Mercedes 236.14, lita karibu nane, nililipa sh. 320,000. Kishindo kikaisha.

#13 Pepo_za_Kusi
Mwenye uzi, ulifikiria BMW Z4? Naongea kama niliyeungua. Nilikuwa na E85 ya 2004 hapa Kigamboni, ile ya paa la turubai. Watu wanasema turubai ni rahisi kuliko chuma. Sikilizeni.

Mota ya haidroli ya paa wameiweka pembeni nyuma, chini, mle mle maji ya mvua yanamopita kwenda kwenye tundu la kutolea. Tundu likiziba, mota inaogelea. Mimi nilikuwa naegesha chini ya mwarobaini kwa ajili ya kivuli. Majani ya mwarobaini ni madogo, yanaingia kila mahali. Masika ikaja, mvua ya usiku mmoja, asubuhi nikabonyeza paa: kimya. Mota ilikuwa imejaa maji kama kata.

Kuitoa ni lazima paa linyanyuliwe. Niliambiwa mota mpya na kazi ni zaidi ya milioni 4. Kijana mmoja aliisafisha, akabadilisha brashi, akairefushia waya na hozi akaihamishia ndani ya buti pakavu. Sh. 850,000. Ikafanya kazi hadi nilipoiuza. Kama unamiliki gari ya kufungua paa katika mji huu, tafuta matundu ya maji yako kabla hujatafuta kapeti.

#14 Nondo_Kumi
Turubai kwa Dar si ni kisu kimoja tu redio imeondoka?

#15 Pepo_za_Kusi
Miaka mitatu hawakuigusa. Panya ndiye aliyeigusa.

#16 Ghala_la_Spea
Naomba kupingana na #11 kidogo kwenye cheni. Nipo Gerezani, nauza spea za Kijerumani, na M271 ninazoziona zimekufa cheni karibu zote zilikuwa zinawekewa oili ya galoni ya bei poa kila kilomita 3,000, mtu akidhani kubadilisha haraka kunafidia. Injini hii inataka oili ya sintetiki yenye kibali cha 229.5. Cheni haifi kwa sababu ni nyembamba, inakufa kwa sababu tenshena inaendeshwa na shinikizo la oili na oili ni maji.

Kitu kingine, wateja wangu mnakuja na neno "orijino". Kuna ya kwenye boksi la Mercedes, kuna ya kiwanda kile kile kinachomtengenezea Mercedes ila boksi lake, na kuna ya kunakili. Ya katikati ndiyo ya kununua. Sumaku ya kunakili ninayo kwa 45,000 na nitakuuzia ukitaka, lakini utarudi.

#17 FundiBenzi_Tabata
#16, oili nakubali, cheni nyembamba pia nakubali. Nimefungua moja iliyohudumiwa vizuri Japani, vitabu vyote vipo, kilomita 110,000, na gia za kamshafti zilikuwa zimelika. Oili nzuri inachelewesha, haizuii.

#18 Ghala_la_Spea
Hizo 110,000 uliziamini kwa sababu ya kitabu au dashibodi?

#19 FundiBenzi_Tabata
Kitabu. Na kanyagio la breki. Raba yake haidanganyi.

#20 Kobe_Mwendo
Samahani naingia kwa nyuma. Kwa nini asichukue SLK 280? Kuna moja Mbezi wanataka 16, V6, haina kompresa wala hayo mahozi. Ni nafuu kuliko hiyo 200.

#21 FundiBenzi_Tabata
Jiulize kwa nini ni nafuu. Injini ya 280 ni M272, tamu sana. Lakini zile za mwanzo gia ya balansi shafti, mhimili wa kupunguza mtikisiko wa injini, ilitengenezwa kwa chuma laini, meno yanasagika. Taa ya injini inawaka, ukipima na mashine ya Mercedes unapata namba ya hitilafu 1200 au 1208. Dawa yake injini inashuka chini. Gia yenyewe si ghali sana ila kazi ni wiki. Angalia namba ya injini: tarakimu zinazofuata 30 zikiwa chini ya 468993 iko kwenye kundi hilo. Kama ilishatengenezwa na kuna ushahidi wa picha, ichukue mbio. Kama hakuna, hiyo 16 iite 21.

#22 Mzee_wa_Forodha
Na kwa anayeagiza, 280 inapita cc 2,000, ushuru wa bidhaa unakuwa asilimia 10.

#23 Kobe_Mwendo
Nimeelewa, asante. Nilitaka kuwapigia simu kesho.

#24 Nondo_Kumi
Hakuna aliyegusa la muhimu. Paa la chuma linahitaji bodi iwe imenyooka. Gari ikigongwa nyuma ikanyooshwa, milimita chache tu zinatosha, paa linakwama sehemu ile ile kila siku na utabadilisha pampu mpaka uchoke. Zinakuja toka Japani zimenyooshwa vizuri huwezi kujua. Muombe karatasi ya mnada. Ukiona daraja R au RA, iligongwa ikatengenezwa. Angalia uwazi kati ya buti na mabawa ya nyuma, kulia na kushoto viwe sawa.

#25 Waya_Moja
#24 safari hii uko sahihi kabisa. Nilikuwa nimelisahau.

#26 Mama_Mabibo
Hivi kuna anayefungua paa Dar saa nane mchana? Jua hili la Februari? Foleni ya Ubungo na vumbi lile?

#27 Dada_wa_Kunduchi
Mama, tunafungua saa kumi na mbili jioni. Na saa tano usiku Daraja la Tanzanite, upepo wa bahari unaingia hadi kwenye mbavu. Mimi nimelea watoto wawili na nafanya kazi ya hesabu za watu siku nzima. Ile nusu saa ni yangu. Kwa hiyo milioni moja ya silinda sikuijutia hata siku moja.

Ila chumvi jamani. Ukitoka pembeni ya bahari osha. Na raba za paa zipake mafuta yake maalumu kila baada ya miezi mitatu, zisipopakwa zinakauka, zinapiga kelele kwenye kila tuta, halafu maji yanaingia.

#28 Kibarua_IST
Dada umeniua na hiyo nusu saa. Natoa maneno yangu ya #2, ila ya mama mkwe yanabaki.

#29 Chuma_Chakavu
Marehemu baba mdogo alikuwa na Mercedes CLK ya turubai, ya mwishoni mwa miaka ya 90. Ile silinda ya kufunga paa iko juu ya kioo cha ndani. Siku ilipopasuka sili, mafuta ya kijani yalimshukia kichwani akiwa njiani kwenda harusini, kanzu nyeupe. Akaenda hivyo hivyo. Tulimcheka mpaka anafariki, Mungu amrehemu.

#30 Mpiga_Lami
Wakuu, nimerudi kutoka Mikocheni. Nimeenda saa moja asubuhi, boneti baridi.

Namba ya chasisi WDB1714422, sawa. Injini kuwaka: mlio upo wa sekunde moja hivi, si mkali, siwezi kuapa. Plagi za sumaku: moja kavu, nyingine kidole kimetoka na oili. Uwazi wa buti kulia na kushoto naona sawa, ila mimi si fundi bodi. Karatasi ya mnada hana.

Kizuizi cha mizigo kimebana vizuri pande zote.

Paa: injini ikiwa imezimwa, likasimama pale pale. Pampu ililia kama sekunde mbili baada ya paa kusimama, ndipo ikanyamaza. Injini ikiwa inaunguruma, likafunguka LOTE, mpaka chini! Likafunga. Likafunguka tena. Mara ya tatu likasimama katikati, pampu tena sekunde mbili, kimya.

Zulia la buti upande wa kushoto lina unyevu. Nimenusa, sijui ni maji au mafuta.

Muuzaji kashuka hadi 17.

#31 Waya_Moja
Betri na waya. Imefanya kazi mara mbili injini ikiunguruma, silinda mbovu haiponi kwa kuwasha injini.

#32 FundiBenzi_Tabata
Inapona. Umeme ukiwa na nguvu pampu inazunguka kwa kasi na inalifidia lile linalovuja ndani ya silinda. Mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi, mara ya tatu inashindwa. Hizo sekunde mbili ni pampu inasukuma na hakuna kinachokwenda, kisha boksi inakata. Kwangu ni silinda.

#33 Waya_Moja
Au boksi inasubiri swichi ndogo sekunde mbili, haioni taarifa, inakata. Ni sekunde zile zile fundi.

#34 Nondo_Kumi
Au ukibonyeza mara tatu mfululizo pampu inajilinda na joto. Ya shemeji ilikuwa inafanya hivyo ikiwa nzima.

#35 FundiBenzi_Tabata
Hilo lipo pia. Ila ile ya kwanza ilisimama ikiwa baridi.

#36 Pepo_za_Kusi
Kwa nini hakuna anayeuliza kuhusu ule unyevu? Wiki iliyopita mvua imenyesha siku mbili Mikocheni. Kama ni maji, yanakaa karibu na umeme wa nyuma. Mkuu weka karatasi ya chooni nyeupe chini ya zulia usiku mmoja. Maji yanakauka, mafuta yanaacha doa.

#37 Ghala_la_Spea
Piga hesabu ya mabaya: silinda mbili 1.15 kwa bei ya dada, sumaku 0.25, soketi na oili ya giaboksi 0.4, cheni tuseme 2.5. Hiyo ni 4.3. Matairi je? Mbele na nyuma saizi si moja, huwezi kuzungusha. Ukikuta za inchi 17 ni 225/45 mbele na 245/40 nyuma. Zikiwa zimeisha, ya maana ni zaidi ya laki nne kila moja. Mpe 13.

#38 Mpiga_Lami
Matairi ya nyuma yameisha kwa ndani. Sikulitaja kwa sababu nilidhani ni dogo.

Nikimpa 13 atanicheka, na kasema kuna mtu anakuja Jumamosi mchana.

#39 Mzee_wa_Forodha
Kijana, huyo mtu wa Jumamosi mchana namfahamu. Amekuwa akija kununua kila gari ninayoijua tangu miaka ya 90.

#40 Dada_wa_Kunduchi
Mdogo wangu, nitakuja na yangu Jumamosi asubuhi. Tuziweke pamoja, tubonyeze paa kwa pamoja, usikie pampu nzima inavyolia. Redio yake ukiikuta inaishia 90 usishtuke, ni masafa ya Japani, kuna kifaa kidogo cha kuongezea.

#41 Waya_Moja
Saa ngapi? Nakuja na mita. Nikikuta waya mzima kwenye bawaba nitasema mbele ya fundi.

#42 FundiBenzi_Tabata
Saa mbili. Naja na mashine ya kusoma, na bomba la kupima kiasi cha mafuta. Mwambieni asiiwashe.

#43 Mpiga_Lami
Saa mbili Jumamosi, nyuma ya soko la Mikocheni, nitawatumia ramani pembeni. Chai na chapati juu yangu. Karatasi nyeupe nimeshaiweka chini ya zulia, mlinzi kaniruhusu.

#44 Kibarua_IST
Naja na mimi. Tukimaliza, nyie wote mnarudi na gari gani?